Utabiri wa Darasa la Kaharabu

Darasa la mwaka themanini na tisa katika sekondari ya Cerro Hondo, mji mdogo milimani juu ya jiji la Ponce, lilijiita Kaharabu. Huko darasa haliagi shule bila kuwa na jina lake, bendera yake na utabiri wake. Jina huchaguliwa kwa ugomvi wa wiki tatu. Bendera hushonwa na mama wa yeyote mwenye cherehani. Utabiri huachiwa mtu mmoja tu, mwenye ulimi mkali na mwandiko unaosomeka. Huyo huandika kila mwenzake atakuwa wapi baada ya miaka ishirini na mitano, kisha jioni ya kuagana husimama jukwaani akausoma mbele ya wazazi, walimu na padri. Watu huja kwa ajili ya utabiri. Hotuba ya mkuu wa shule wanaivumilia tu.

Mwaka ule kazi hiyo ilimwangukia Nereida Alicea, msichana mwembamba mwenye miwani, ambaye alikuwa hajawahi kushinda chochote maishani isipokuwa mabishano. Kanuni ya mtabiri ni moja: kabla ya kuandika, mfuate kila mwenzako umuulize anataka kuwa nani, ndipo uifanyie mzaha ndoto yake. Mzaha usio na ndoto ndani yake ni matusi. Basi Nereida aliizunguka shule wiki nzima na daftari lake, akawauliza wote ila mmoja. Huyo alikuwa Herminio Collazo: Nereida alimkuta amelala juu ya dawati, mdomo wazi, kama kawaida yake. Akarudi mara ya pili, amelala. Mara ya tatu hakujisumbua kurudi. Akaandika hivi: "Herminio Collazo, baada ya miaka ishirini na mitano, atakuwa bado amelala kwenye dawati lake. Tukikutana, tafadhali mwamsheni."

Ukumbi ulicheka mpaka padri akavua miwani ajifute machozi. Herminio mwenyewe alicheka. Aliyekosa kucheka alikuwa mtu mmoja, mama yake, Doña Provi, aliyekaa mstari wa tatu na gauni lake la njano, kichwa ameinamisha, mikono ameikunja juu ya mkoba. Nereida alimwona toka jukwaani. Lakini alikuwa na miaka kumi na minane, na makofi yalikuwa mengi, akasahau.

Kilichomkumbusha kilitokea miaka miwili baadaye. Alikuwa akirudi chuoni, akidamkia gari la kwanza, akapita mlango wa nyuma wa tanuri la mikate ili apate mkate wa njiani. Akamkuta Herminio ndani, unga umempanda mpaka viwikoni, anachomoa mikate kwa koleo la mti. "Huyo?" akasema mwenye tanuri. "Huyo yuko hapa tangu ana miaka kumi na mitano. Saa nane ya usiku anaingia, na enzi zenu za shule, saa moja asubuhi alikuwa anakimbilia darasani." Watu wa Cerro Hondo wanajua kila jambo la jirani yao, isipokuwa lile linalofanyika wao wakiwa wamelala. Nereida alilipa, akatoka bila hata kuaga, mkate wa moto ameubana kwapani, akaona haya, haya ile ya kukosa pa kuuweka uso.

Tangu siku ile yeye na Herminio waliendelea kusalimiana na kutaniana vizuri tu, ila suala lile hakuligusa. Ila Doña Provi, Nereida alimkimbia. Kanisani alikaa upande wa pili. Sokoni alibadili foleni. Katika mji wa barabara mbili na nusu, kumkwepa mtu mmoja kwa miaka ishirini na mitatu ni kazi ya kutwa, na Nereida aliifanya pamoja na ile ya kufundisha Kihispania katika sekondari ileile aliyosoma.

Sasa miaka ishirini na mitano ilikuwa imetimia. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, katika bwalo la shule. Meza zilikuwa zimepangwa, wali wa mbaazi unatoa mvuke, nguruwe mzima wa kuchoma amelazwa juu ya majani ya mgomba. Mila inataka siku hiyo utabiri usomwe tena, neno kwa neno, na aliyeuandika, ili kila mtu ahukumiwe kwa alichotabiriwa. Na safari hii wazazi walio hai walikuwa wamealikwa wote.

"Zori," Nereida alimwambia Zoraida, mwenyekiti wa shughuli, akiwa amemvuta pembeni karibu na jokofu, "ule mstari wa Herminio tuuruke."

"Thubutu!" Zoraida aliikumbatia karatasi yenyewe, aliyoitunza kwenye mfuko wa plastiki robo karne nzima. "Mila ni mila, Nabii. Ukiruka wa Herminio, na mimi nitataka uruke wangu, ulipoandika kwamba nitakuwa gavana na nitagombana na mume wangu mbele ya bunge."

"Lakini ugavana hukuupata."

"Mume nimegombana naye hata hivyo. Tena sokoni, siku ya mnada, mbele ya watu wengi kuliko bunge."

Zoraida hakuwa gavana, ni kweli. Alikuwa mkuu wa kamati ya maji ya kitongoji cha La Cuchilla, nyumba tisini zinazokunywa maji ya chemchemi kwa mabomba waliyoyalaza wenyewe. Mwaka wa kimbunga, mlima ulipomeguka na bomba kuu kwenda na maji, Zoraida alipanda na panga mkononi na bomba begani, mimba ya miezi sita tumboni, na siku ya tatu watu wa La Cuchilla wakaoga. Nereida amewaona magavana wengi kwenye televisheni, lakini hajamwona hata mmoja wa kumfikia.

Na hakuwa Zoraida peke yake. Gamaliel, aliyekuwa anataka kuwa bingwa wa ngumi wa dunia, alitabiriwa kwamba atawang'oa watu meno mpaka Japani. Leo ni daktari wa meno. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hukifunga kiti chake nyuma ya pikapu, akapanda nacho vitongojini kuwatibu wazee wasio na usafiri, nao hutibiwa hapohapo barabarani, midomo wazi, kuku wanatazama. Radamés alitaka kuwa mwimbaji wa salsa. Sasa anaendesha gari la kipaza sauti linalotangaza harusi, misiba na bei ya ndizi mji mzima, na matangazo ya misiba huyaimba kwa sauti tamu hata vikongwe huweka miadi naye mapema. "Mimi niimbwe na Radamés," wanasema, "wengine wasinisogelee."

Nereida aliwatazama wakigombania ngozi ya nguruwe iliyokauka vizuri, akajisikia fahari kama aliyewazaa. Utabiri wake haukutimia hata mmoja, na wote walikuwa wamepata kilicho bora kuliko alichowatungia. Hilo lilimfurahisha sana, kisha lilimkumbusha mstari mmoja.

Nje kipaza sauti kikavuma. "Mabibi na mabwana! Amewasili Doña Providencia Collazo! Ana miaka themanini na minne na meno yake yote!"

"Sita si yangu," akasema bibi huyo huku Radamés akimshusha garini. "Ni ya Gamaliel."

Wakamkalisha chini ya feni, fimbo katikati ya magoti. Herminio alikuwa hajafika. Nereida alijiambia: sasa au basi. Kama mstari ule ungesomwa kabla hajamwomba mama huyu radhi, ingekuwa amemtukana mara mbili, na mara ya pili kwa kujua. Akaenda akachuchumaa mbele ya kiti.

"Baraka zako, Doña Provi."

"Mungu akubariki, mwanangu." Bibi alimkazia macho. "Wewe si yule mwalimu anayenikimbia sokoni?"

"Kumbe ulikuwa unaniona?"

"Nimezeeka, sijapofuka. Nilidhani ninanuka."

"Hapana, mama! Ni mimi. Nilikukosea, miaka mingi sasa." Na Nereida akalitoa lote kwa mkupuo, kabla ujasiri haujamtoka: jioni ya kuagana, jukwaa, maneno aliyoyaandika kuhusu Herminio bila kumuuliza, ukumbi ulivyocheka. "Ila wewe hukucheka. Nilikuona. Uliinamisha kichwa, mikono juu ya mkoba. Sijasahau mpaka leo. Nisamehe, mama."

Doña Provi alikunja uso akitafuta mbali. "Nilivaa gauni la njano?"

"Ndiyo."

"Nilikaa mstari wa tatu, karibu na feni?"

"Hapohapo."

"Mwanangu," akasema Doña Provi, "nilikuwa nimelala."

Nereida, aliyekuwa amechuchumaa, aliketi sakafuni kabisa.

"Fofofo! Wewe hujui habari ya mbwa wakali wa Don Cheo? Kila usiku saa nane nilimsindikiza Herminio mpaka tanurini kwa ajili ya mbwa wale. Nikirudi sipandi kitanda, nafua nguo za watu. Sasa siku ile mmenikalisha kwenye kiti chenye mto, upepo unanipuliza, na mkuu wa shule anahutubia. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilizinduka watu wanapiga makofi, nami nikapiga."

Nereida alitaka kucheka, akataka kulia, akavifanya vyote viwili kwa pamoja na vibaya. Miaka ishirini na mitatu ya kubadili foleni! Miaka ishirini na mitatu ya kuisikiliza misa nyuma ya nguzo!

"Sasa niambie," bibi akamgusa bega kwa ncha ya fimbo. "Uliandika nini hasa?"

Hili Nereida hakuwa amelipigia hesabu. Alikuja kuomba radhi kwa maneno aliyodhani mama huyu ameyabeba, kumbe ni yeye Nereida atakayemtwisha sasa. Angeweza kusema amesahau. Lakini alikuwa amechoka kukimbia, akayasema yote kama yalivyo, mpaka ile "tafadhali mwamsheni."

Feni ilizunguka.

"Alikuwa analala shuleni?" akauliza Doña Provi.

"Kila siku, mama."

"Aliniambia anakaa mstari wa mbele!"

Ndipo Herminio alipoingia. Alikuja moja kwa moja kutoka Ponce, zamu ya usiku, bado amevaa nguo za kijani za wodi ya wazazi, macho mekundu. Ni muuguzi. Nusu ya watoto anaowafundisha Nereida walitokea duniani mikononi mwake, saa ambazo hata madaktari wanasinzia. Alikuwa hajamfikia mama yake. Mkoba wa bibi ulimfikia kwanza, ukampata ubavuni.

"Mwongo mkubwa wee! Uliniambia unakaa mstari wa mbele!"

"Nilikaa mstari wa mbele, mama!" Herminio alijikinga kwa viwiko, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, bila kujua kosa lake ni la lini.

"Ukiwa umelala!"

"Ndiyo. Nililala mstari wa mbele."

Bwalo zima likapasuka kwa kicheko. Hata Gamaliel, kinywa kimejaa nguruwe, alilazimika kupigwa mgongoni. Lakini mkono wa Doña Provi ulikuwa umeukamata mkono wa mwanawe.

"Ningejua..." akaanza.

"Ungejua ungefanyaje?" Herminio alimjibu polepole, akapiga goti. "Tulikuwa watoto sita, na baba mgongo umevunjika. Hukuwa na la kufanya. Acha, mama. Yameshapita." Kisha akamgeukia Nereida. "Na wewe Nabii, ndiyo unalilia hilo? Mstari ule kazini wote wanaujua kwa moyo. Nawachekeshea wagonjwa, nauguzia nao!"

Doña Provi alimpapasa kichwa, pale palipoanza upara.

Zoraida akagonga sufuria kwa mwiko. Wakati wa utabiri umefika. Nereida alipanda juu ya benchi, kwa kuwa bwalo halina jukwaa, akaanza kusoma. Gamaliel akahukumiwa, akapatikana na hatia ya kung'oa meno. Radamés akahukumiwa, akakata rufaa kwa wimbo. Zoraida alizomewa kwa ugavana wake na akainama kushukuru. Mistari ilikuwa ishirini na saba. Alipofika wa Herminio akainua macho kumtazama bibi chini ya feni.

"Soma!" akasema Doña Provi. "Soma kwa sauti, safari hii niko macho."

Akasoma. Na watu, kwa mazoea tu, wakacheka kilekile kicheko cha mwaka themanini na tisa.

Doña Provi alisimama. Ilimchukua muda, fimbo kwanza, kisha goti moja, kisha la pili, na kicheko kilikuwa kimeshaisha kabla hajanyooka.

"Mmecheka? Haya. Sasa mimi nauliza. Asubuhi, kabla ya shule, mlikuwa mnakula nini?"

Akazungusha macho meza hadi meza.

"Gamaliel! Ulikuwa unakula nini asubuhi?"

"Mkate, Doña Provi."

"Mkate wa moto au wa jana?"

"Wa moto, mama."

"Wa moto. Uliokandwa na nani?"

Bwana daktari alitazama viatu vyake. Wengine ndiyo kwanza walikuwa wanajua, na walimgeukia Herminio kana kwamba ameingia mlangoni sasa hivi kwa mara ya kwanza. Radamés aliivua kofia yake. Doña Provi aliridhika, akaketi kwa mpangilio uleule, goti baada ya goti.

Nereida aliikunja karatasi.

"Kuna kosa katika utabiri huu," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Wote nilikuulizeni mnataka kuwa nani. Herminio sikumuuliza. Nilimkuta amelala, nikaona itatosha. Nimekosa. Basi namuuliza leo, mbele yenu. Herminio, ulipokuwa na miaka kumi na minane, ulitaka nini?"

Herminio alijikuna shingo. Alizoea usiku wa kina mama wenye uchungu, hakuzoea kutazamwa na watu wote mchana.

"Mtanicheka."

"Tumekoma," akasema Zoraida, akimwangalia Doña Provi kwa jicho la pembeni.

"Uuguzi ulikuja baadaye, na naupenda. Wakati ule nilitaka siku moja tu nisilale." Alitabasamu, akitazama sakafu. "Maana kila nikizinduka nawakuta mnacheka. Darasa zima. Mwalimu amegeukia ubao, mabega yanamtikisika. Na mimi sijui mnachekea nini. Namuuliza Gamaliel, ananiambia, 'Aa, ungekuwepo.' Nami nilikuwepo! Hatua moja toka alipokaa! Basi nilikuwa nikienda tanurini najiuliza njia nzima, leo wamechekea nini? Ndoto yangu ilikuwa hiyo. Nijue mlichokuwa mnachekea."

Nereida alishuka kwenye benchi. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na hakuyaficha.

Radamés ndiye aliyeinuka kwanza. Aliburuta kiti chake mpaka mbele ya Herminio, akakikalia kinyumenyume.

"Ile siku ya kipaza sauti cha ofisi," akasema, "ulikuwepo?"

"Nililala."

"Basi sikiliza. Nimetumwa ofisini na daftari la mahudhurio. Sioni mtu. Naona kipaza sauti cha mkuu wa shule. Nikajua kimezimwa."

"Hakikuzimwa!" Gamaliel alidakia, naye akileta kiti.

"Unasimulia wewe au mimi? Nikajua kimezimwa. Nikaimba. Wimbo wa mapenzi, beti mbili na kiitikio, na popote penye jina la mwanamke nikaweka la Señorita Arroyo."

"Yule wa hisabati?" akauliza Herminio.

"Huyohuyo! Naye wakati huo anafundisha darasa letu, chaki mkononi."

"Alisimama hivi," akasema Zoraida, akisimama hivyo.

"Hakusimama hivyo, aliegemea mlango!"

"Wewe ulikuwa ofisini, umeona wapi?"

Viti viliendelea kuja, vikakwaruza sakafu, mpaka wote ishirini na kitu wakawa wamemzunguka. Wali ulipoa. Ngozi ya nguruwe ililegea na hakuna aliyeigombania. "Semeni kwa sauti!" Doña Provi alifoka kutoka chini ya feni, "na sisi wengine tulikuwa tumelala!" Nereida alisubiri zamu yake, visa vya miaka mitatu vikimwasha ulimi, asijue aanze na kipi.

Herminio alikuwa hajapata usingizi tangu juzi. Aliweka viwiko juu ya magoti, akalisogeza sikio karibu.

"Ehe," akasema. "Kisha?"